Land Rover Kuukuu: Ngozi Haiozi, Mifupa Ndiyo Huoza

Hakuna askari katika nchi zetu asiyelijua gari la Land Rover. Limebeba doria za mpakani, limebeba mabwana shamba na waganga wa wilaya, limevuta matrela ya maji na ya risasi. Na baada ya kuitumikia Serikali kwa miaka mingi, mengi yamepelekwa mnadani na kuingia katika nyua za raia na za wastaafu. Huko nako hayapumziki. Hubeba ndizi na mahindi, saruji na mabati, na asubuhi hubeba watoto kwenda shule.

Ukoo huo wa magari ulianza kuonyeshwa hadharani mwezi Aprili 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, na gari la mwisho la umbo lile la kale lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Yaliyobaki barabarani, basi, yote ni wazee au yanaelekea kuwa wazee. Mwenye nalo hana budi kujifunza kulitengeneza, maana kumpelekea fundi kila jambo dogo ni kumaliza mshahara au kiinua mgongo.

Makala haya ni kwa ajili ya mtu huyo: askari, mstaafu au mkulima, mwenye Land Rover kuukuu uani, sanduku dogo la vyombo, na siku mbili tatu za mapumziko. Nia yake ni kueleza ni kazi gani ya bodi awezayo kuifanya kwa mikono yake, ni ipi amwachie fundi, na zaidi ya yote, ni ipi itangulie. Maana wengi wetu hukosea katika kupanga. Tunaanza na rangi, halafu mabonde ya bodi, na chasisi tunaikumbuka mwisho. Utaratibu ulio sawa ni kinyume chake kabisa.

KWA NINI LILIJENGWA HIVYO

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, chuma kilikuwa adimu Uingereza, na viwanda vilipewa kwa mgawo. Alumini ilikuwepo kwa wingi, kwani viwanda vya ndege za vita vilikuwa vimepunguza kazi. Mhandisi Maurice Wilks wa kampuni ya Rover na wenziwe wakaamua kulivika gari lao jipya ngozi ya alumini iliyochanganywa na madini mengine ili iwe imara. Mabamba yakafanywa bapa, yenye kona nyepesi, ili yakunjwe bila mashine kubwa. Gari ambalo lilidhaniwa kuwa la kupita tu likadumu katika umbo hilo kwa zaidi ya miaka 60.

Lakini chini ya ngozi hiyo mna chuma cha kawaida. Chasisi ni ya chuma, iliyoungwa kwa kuchomelewa mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani. Ukuta wa mbele, yaani ule utenganishao injini na miguu ya dereva, ni wa chuma. Mifupa ya milango ni ya chuma, ingawa ngozi ya mlango ni alumini. Chuma hicho ndicho kishikacho springi, usukani, pedali za breki, viti na bawaba za milango.

Hapo ndipo penye fumbo la gari hili. Bamba la ubavuni laweza kukaa miaka 40 likipigwa na mvua, lisipate hata tone la kutu. Na wakati huo huo chasisi ikawa imeliwa ndani kwa ndani mpaka kidole kikapenya. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mnunuzi aendaye mnadani na kutazama bodi peke yake ametazama mkakasi.

BETRI ISIYOONEKANA

Kutu ya chuma yajulikana na kila mtu. Chuma kikikutana na maji na hewa, hugeuka kuwa unga mwekundu. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Ndiyo sababu rangi huinuka na kufanya malengelenge, na mabamba mawili yaliyobanwa pamoja huachana yenyewe kutokana na kutu iliyovimba katikati yake.

Kwenye Land Rover kuna ugonjwa wa pili usiojulikana sana. Alumini inapogusana na chuma, na katikati pakawa na unyevu, vitu hivyo vitatu hufanya kazi mfano wa betri ya tochi. Mkondo mdogo wa umeme hupita, na alumini ndiyo inayoliwa. Dalili yake ni unga mweupe kandokando ya bolti, chini ya mabano ya chuma, na kwenye ncha ya chini ya mlango, mahali ngozi ya alumini ilipokunjwa kuzunguka fupa la chuma. Maji yakiwa na chumvi, ugonjwa huenda mbio zaidi. Kwa hiyo gari lililotumika miaka mingi Mombasa au pwani yo yote lichunguzwe kwa uangalifu mkubwa kuliko lililoishi bara.

Si kwamba sisi wa bara tumesalimika. Tope jekundu la barabara zetu huingia ndani ya chasisi kupitia matundu yaliyokusudiwa kutolea maji. Likikauka huziba matundu hayo, nalo likilowa tena hukaa na unyevu wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Chasisi huoza kwa ndani wakati nje bado inang'aa kwa rangi nyeusi.

UKAGUZI: NYUNDO NDOGO NA BISIBISI

Kabla ya kununua rangi au bamba lo lote, fanya ukaguzi. Huna haja ya mashine. Chukua nyundo ndogo, bisibisi ya zamani, tochi, na kipande cha chaki. Liweke gari mahali palipo sawa, zuia magurudumu kwa mawe, na likiinuliwa kwa jeki liegemezwe juu ya magogo imara. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Osha kwanza. Tope huficha mengi, na aghalabu muuzaji haoni haraka ya kuliondoa. Kisha gonga polepole chasisi yote kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hutoa sauti kavu yenye mwangwi, na nyundo huruka mkononi. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa, kama kugonga debe lililojaa mchanga. Mahali penye sauti hiyo, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, tia alama ya chaki.

Sehemu zisizofaa kusahauliwa ni hizi:

Kwanza, mhimili wa nyuma wa chasisi, ule unaobeba ndoano ya kuvutia trela. Hukusanya tope la magurudumu yote mawili.

Pili, mikono ya chasisi, yaani vipande vitokavyo kando kuushika ukuta wa mbele na sakafu. Mikono hii ikikatika, mwili wa gari hulegea na milango hukataa kufunga.

Tatu, mahali springi zinaposhikwa, mbele na nyuma. Hapa hapana mjadala: springi ikichomoka kwenye mteremko, dereva hana la kufanya.

Nne, sehemu ya chasisi iliyopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma. Ni vigumu kuiona, na kwa hiyo husahauliwa.

Tano, vyumba vya miguu katika ukuta wa mbele. Inua zulia au raba, usiridhike kutazama juu yake. Tazama pia nguzo zinazoshika bawaba za milango ya mbele.

Sita, ncha za chini za milango yote.

Ukimaliza, hesabu alama zako za chaki. Zikiwa kwenye alumini tu, furahi, kazi yako ni ya uani. Zikiwa kwenye chasisi, fedha yako ya kwanza iende huko, hata kama bodi ina mabonde kama uso wa mwezi.

RANGI AU CHUMA?

Mfano mmoja utafafanua jambo hili. Askari polisi mstaafu alinunua Land Rover la mwaka 1975, lenye mwili mrefu na viti vya ubavuni nyuma. Ubavu wake mmoja ulikuwa umebonyea kwa kugongana na ng'ombe, na rangi ilikuwa imepauka. Alikwenda kwa mzee mmoja fundi bodi, pamoja na mkewe, wakiwa na fedha za kunyoosha ubavu na kupiga rangi mpya.

"Afande," alisema mzee yule, "ubavu huu nitaunyoosha hata usijue ulikuwa wapi. Lakini niruhusu nigonge kidogo huku chini."

"Mzee wangu, mimi nimekuja kwa ajili ya rangi."

"Rangi haibebi mtu, afande."

Akaingia chini na nyundo. Sauti ikaenda vizuri mpaka karibu na springi ya nyuma upande wa kushoto, ikafa. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Alipobandua, ukaonekana utomvu mgumu wa puti, uliopakwa rangi nyeusi juu yake. Mtu fulani, kabla ya mnada au baada yake, alikuwa amelijaza tundu la chasisi kwa puti.

Mama yule alikuwa kimya muda wote. Sasa akauliza, "Mzee, watoto wakiketi nyuma, ni upande gani wanaokaa juu ya hapo?"

Mzee akaonyesha kwa kidole benchi la kushoto.

Pale pale waliamua. Fedha zote za rangi zilikwenda kwenye chasisi, na nyingine iliongezwa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, maana karo za shule nazo hazingojei. Gari lilitembea miezi minane na ubavu wake uliobonyea, na majirani hawakuacha kutania. Lakini lilitembea juu ya mifupa mizima.

Puti ile yafaa iitwe kwa jina lake: ni udanganyifu unaoweza kuua. Askari wa usalama barabarani anayekagua magari ya zamani asitosheke na taa na matairi, ainame, agonge.

KUNYOOSHA ALUMINI UANI

Sasa tuje kwenye kazi ambayo mwenye gari aweza kuifanya mwenyewe. Uzuri mmoja wa Land Rover ni kwamba mabamba yake mengi yamefungwa kwa bolti. Madigadi ya mbele hutoka mazima, milango hutoka, paa hutoka, boneti hunyanyuliwa na watu wawili. Bolti zilizoganda zipakwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na asubuhi zijaribiwe kwa spana inayokaa barabara, si kwa koleo.

Bamba likiwa chini, liondolee tope na rangi upande wa nyuma. Lilaze juu ya gunia lililojazwa mchanga na kufungwa vema. Kisha piga kwa nyundo ya mti au ya raba. Nyundo ya chuma isitumike, kwani alumini ni laini: kila pigo la chuma huifanya iwe nyembamba na kutanuka, na bamba lililotanuka halirudi tena, bali hubaki likipwita kama kifuniko cha debe.

Usianze katikati ya bonde. Anza ukingoni, mahali palipo na kina kidogo, uzunguke polepole ukielekea katikati. Kanuni ni kwamba sehemu iliyopinda mwisho ndiyo inyooshwe kwanza. Mapigo yawe mepesi na mengi, na kila baada ya dakika chache pitisha kiganja juu ya bamba. Kiganja huona mabonde ambayo macho hayayaoni.

Alumini ikipigwa sana hukauka na kuwa ngumu, na ukiendelea hupasuka. Dawa yake ni kuilainisha kwa moto. Lakini alumini haina adabu ya chuma: haiwi nyekundu kukuonya, hukaa na rangi yake ile ile mpaka inapofika nyuzi 660 hivi za Selsiasi na kuyeyuka ghafla. Mafundi wa zamani waligundua njia nyepesi. Sugua kipande cha sabuni ya kufulia juu ya mahali unapotaka kulainisha. Pitisha moto wa gesi kwa upande wa pili, ukiuzungusha bila kusimama. Sabuni itageuka kahawia, kisha nyeusi. Ikiwa nyeusi, ondoa moto mara moja, uache bamba lipoe. Sasa litakubali kupigwa tena. Kazi hii ifanywe bamba likiwa limetolewa garini na kuondolewa rangi, mbali na petroli, matairi na nyaya.

KIRAKA CHA RIBITI

Bamba likiwa limepasuka, toboa tundu dogo la milimita 3 hivi kwenye ncha kabisa ya ufa. Tundu hilo huuzuia ufa usiendelee kutembea, kwani nguvu iliyokuwa imekusanyika kwenye ncha kali hutawanyika kuzunguka duara. Bila tundu hilo, kiraka kitakaa juu ya ufa unaoendelea kukua.

Kiraka kiwe cha alumini yenye unene unaokaribiana na bamba lenyewe, milimita 1.5 yatosha kwa sehemu nyingi. Kisiwe cha chuma wala cha bati la kuezekea, kwa sababu ya ile betri tuliyoieleza. Zungusha kona zake zisiwe kali, na kipite ukingo wa tundu kwa sentimita 2 na nusu kila upande. Safisha pande zote mbili kwa brashi ya waya ambayo haijatumika kwenye chuma. Brashi iliyosugua chuma huacha chembe ndani ya alumini, na chembe hizo huota kutu baadaye.

Kishikize kiraka kwa bolti ndogo kwenye kona, toboa matundu ya ribiti yakiachana sentimita 3 hivi, kisha kiondoe ukwangue makombo ya matundu. Pakaa rangi ya msingi au gundi ya kuzuia maji kati ya mabamba mawili, ndipo ufunge ribiti za alumini. Kiraka cha namna hii si aibu. Ndege zenyewe huungwa kwa ribiti.

Puti nayo ina kazi yake, lakini kazi ndogo: kujaza mikwaruzo na mabonde madogo yaliyobaki baada ya kunyoosha, kwa tabaka nyembamba, jumla isizidi milimita 3. Puti si chuma. Haizibi tundu, haiungi ufa, na haina ruhusa kabisa ya kukaribia chasisi.

KAZI YA FUNDI WA KUCHOMELEA

Chasisi na ukuta wa mbele ni kazi ya fundi wa kuchomelea aliye hodari. Katika mji wa Kampala, eneo la Katwe limejulikana miaka mingi kwa mafundi wa vyuma, na hakuna mji wa mkoa usio na mtu wa kazi hiyo. Lakini kumwachia fundi kazi si kumwachia macho. Mwenye gari asimame hapo na ahakikishe mambo haya.

Chuma kilichooza kikatwe chote mpaka kifikiwe chuma kizima. Kuchomelea bamba jipya juu ya kutu ni kushona nguo mpya kwenye nguo iliyochanika, itachanika pembeni. Kiraka cha chasisi kiwe na unene wa milimita 2 hadi 3, kisiwe bati la nyumba. Bati hilo ni jembamba mno, na zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi unaomletea fundi homa. Kiraka kichomelewe ukingo wote, si kwa madoa machache. Kama kuna sehemu kubwa ya kukatwa, chasisi iegemezwe kwa magogo pande zote ili isipinde, na itengenezwe upande mmoja kwanza kabla ya kukata wa pili. Matundu ya kutolea maji yasizibwe.

Kabla ya cheche ya kwanza, betri ifunguliwe nyaya zake zote mbili. Tangi la mafuta litolewe garini. Katika Land Rover nyingi za zamani tangi liko chini ya kiti cha mbele, na katika nyingine liko nyuma, kwa hiyo karibu kila kiraka kiko jirani na petroli. Asikudanganye mtu kwamba tangi tupu halina hatari. Tangi lililomwagwa hubaki na mvuke, na mvuke huo ndio unaolipuka. Mabomba ya breki yasogezwe. Na kumbuka kwamba katika magari ya Series nyaya za taa za nyuma zimepitishwa ndani ya chasisi. Zisipovutwa nje zitaungua bila kuonekana. Ndoo ya mchanga na chombo cha kuzimia moto viwe karibu.

Jambo la mwisho hapa linawahusu hasa ndugu zetu polisi. Magari mengi ya Series II na III yana tarakimu za chasisi zilizopigwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele upande wa kulia. Tarakimu hizo zisikatwe, zisisagwe wala kufunikwa kwa kuchomelea. Kama sehemu hiyo imeoza, au chasisi nzima yabidi ibadilishwe, mwenye gari akawaone kwanza wahusika wa usajili. Gari lisilo na tarakimu hufanana na la wizi, hata kama lilinunuliwa kwa jasho la haki.

RANGI, SASA NDIYO ZAMU YAKE

Chasisi ikiwa nzima na bodi ikiwa imenyooka, rangi ina maana. Osha kwa sabuni, futa mafuta kwa thina, kisha sugua kwa msasa wa maji. Alumini tupu haishiki rangi ya kawaida. Yataka kwanza rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili yake, yenye asidi kidogo ya kuuma uso wa alumini. Chuma nacho kisuguliwe kutu, kipakwe dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kisha rangi ya msingi ya kuzuia kutu. Mikono ivae glavu.

Rangi ya juu si lazima inyunyizwe kwa mashine. Land Rover yenye mabamba bapa hupokea vizuri rangi ya mafuta kwa brashi pana laini au kwa rola ya sponji. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene. Chagua asubuhi isiyo na vumbi wala mvua, na kivuli, kwani jua la saa sita huikausha rangi kabla haijajilaza. Rangi za jeshi na za polisi ziachiwe wenyewe. Na rangi ikibadilika, kadi ya gari nayo ibadilishwe.

WATOTO NA VUMBI

Kwa kuwa kazi hii hufanywa nyumbani, akina mama na akina baba wasikilize neno hili. Rangi za magari ya zamani huweza kuwa na risasi ndani yake, ile madini ya sumu. Vumbi lake likimezwa au kuvutwa puani hudhuru ubongo wa mtoto, na dalili hazionekani siku hiyo. Kwa hiyo rangi ya zamani isuguliwe kwa maji, isisuguliwe kavu. Watoto na kuku wawe mbali. Tope la rangi likusanywe na kufungwa, lisimwagwe bustanini wala karibu na kisima. Fundi avae kitambaa au barakoa, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwani huenda lina asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

KINGA YA KILA MSIMU

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari lililotengenezwa hivi litarudi katika hali yake ya kwanza kama halikutunzwa, na utunzaji wenyewe ni rahisi. Mara mbili kwa mwaka, mvua za muda mrefu zinapokatika na zile za vuli zinapokwisha, zibua matundu yote ya chasisi kwa waya. Ingiza mpira wa maji ndani ya chasisi, uache maji yapite mpaka yatoke meupe. Liache gari juani siku mbili likauke, kisha puliza ndani mafuta mapya mazito au nta ya kuzuia kutu. Oili chafu ya injini isitumike. Huozesha raba, hudhuru ngozi ya mikono, na huchafua ardhi inapodondoka. Inua raba za sakafu kila mwezi zipate hewa. Na kila unapofunga bolti ya chuma kwenye alumini, pakaa grisi na utie washa ya plastiki au ya raba katikati, ili ile betri isiyoonekana isiwake.

Mwenye kufuata utaratibu huu atagundua kwamba kazi nyingi hazihitaji fedha bali zahitaji subira na macho. Bonde la ubavuni linaweza kungoja mshahara wa mwezi ujao, au wa mwaka ujao. Chuma kilicho chini ya benchi la watoto hakingoji. Wikiendi hii, kabla hujauliza bei ya rangi, chukua nyundo ndogo na chaki, uingie chini, ugonge na usikilize.